Kabla ya kubadilisha tablo ya umeme, tuulize kwanza latere iko wapi



Katika vikundi vyetu vya likelemba tunasikia siku hizi neno moja likirudi tena na tena: tablo. Zamani mama akipata zamu yake ya kupokea makuta, alilipa minervali ya watoto, au alinunua vitambaa na masufuria. Leo wengi wanasema, "Mimi nitabadilisha tablo ya umeme." Sababu iko wazi. Nyumba iliyokuwa na balbu tatu na redio sasa ina frigo, ina konjelateri ya kuuza juisi na maji baridi, ina pasi, ina resho. Na ukutani bado kuna zile fizibo za kaure, ambazo uzi wake wa shaba ulifungwa na kijana wa jirani siku ile zilipoungua.

Sisi tunasema ni vizuri. Makuta yanayokwenda kwenye usalama wa nyumba hayapotei. Ila tumeona jambo moja linarukwa karibu kila mahali: fundi anakuja, anapima ukuta kwa macho, anataja bei ya sanduku jipya, mama analipa nusu, na hakuna aliyeuliza habari ya latere. Tablo mpya inang'aa ukutani, lakini waya unaopaswa kuilinda familia haufiki popote. Ndiyo maana wiki hii tumeona tuongee juu ya waya huo tu, kwa utulivu.

Tuanze na kinachofanya kazi ndani ya sanduku. Fizibo, na dijonkteri ya kawaida iliyochukua nafasi yake, kazi yake ni kulinda waya usiungue. Dijonkteri ya ampea 20 inangoja umeme upite kiasi hicho ndipo iruke. Haimjui mtoto wako. Mwili wa mtu unaweza kufa kwa umeme mdogo sana, chini ya ampea moja, hata chini ya sehemu ya kumi ya ampea, na dijonkteri hiyo itabaki imesimama kama vile hakuna kilichotokea.

Anayemlinda mtu ni ndugu yake, diferansieli. Hii inapima umeme unaotoka kwenda nyumbani na ule unaorudi. Kama kilichorudi ni pungufu, inajua kwamba kuna mahali umeme umepotea njia, pengine kupitia mwili wa mtu, na inakata mara moja. Ile nzuri ya nyumba inaandikwa 30 mA, maana yake milampea 30. Ili mpate picha: balbu ya zamani ya wati 60 inakula karibu milampea 270. Basi diferansieli inakata kwa kiasi ambacho ni kama sehemu ya tisa ya balbu moja. Mama akienda dukani na akauziwa tablo isiyokuwa na kifaa chenye maandishi hayo, ajue amenunua sanduku la kulinda nyaya tu.

Frigo inayouma

Wengi wetu tunaijua frigo inayouma. Unaigusa mlango ukiwa umetoka kuosha vyombo, unasikia kitu kama sisimizi vidoleni, au mkono unarudi wenyewe. Katika nyumba nyingi watu wamezoea. Mama anawaambia watoto, "Vaeni sandale kabla ya kufungua frigo," na maisha yanaendelea. Tumesikia hata bibi mmoja akiweka kipande cha karton mbele ya frigo, na wajukuu wanajua kwamba hapo ndipo pa kusimama.

Frigo hiyo inasema kitu. Ndani yake waya wa fazi umechubuka, au mota imeingia unyevu, na umeme umefika kwenye bati la nje. Kama frigo ina latere nzuri, umeme ule unapata njia rahisi ya kwenda udongoni, diferansieli inauona na kukata papo hapo, kabla mtu hajagusa. Kama hakuna latere, umeme unakaa pale kwenye bati unangoja. Anayekuja na miguu mitupu juu ya sima yenye maji ndiye anakuwa njia.

Hapa watu hutuuliza: kama nina diferansieli, nahitaji latere ya nini? Swali ni zuri. Diferansieli bila latere itakata, ndiyo, lakini itakata baada ya umeme kupita ndani ya mtu. Yule mtu ndiye kipimo. Atapigwa, na kwa kawaida atabaki hai. Lakini mtoto aliyepigwa anaweza kuanguka na kugonga kichwa, na mama aliyebeba sufuria ya mafuta ya moto anaweza kujimwagia. Na kama kifaa chenyewe kimekwama kwa vumbi na uzee, hakuna kingine nyuma yake. Viwili vinahitajiana.

Na kinyume chake? Latere peke yake bila diferansieli? Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu hii mafundi wengi hawaifanyi mbele ya mteja. Umeme wetu ni volti 220. Tuseme latere ya nyumba ina ukinzani wa ohmu 100, ambayo si latere mbaya kwa udongo wetu. Gawa 220 kwa 100, unapata ampea 2.2. Dijonkteri ya ampea 20 haitaruka milele kwa ampea 2.2. Bati la frigo litabaki na umeme usiku na mchana, na huku karibu wati 500 zinapotea udongoni, kama mtu aliyewasha resho ndogo na kuisahau. Wale wenye kompteri ya kulipa kabla wataona yuniti zinaisha upesi na watamshuku mpangaji. Pengine mpangaji hana kosa.

Jiwe la Goma na udongo wa Bukavu

Latere inaanzia udongoni. Ni chuma au shaba iliyozikwa, ambayo mafundi huiita piketi, na waya unaopanda kutoka hapo hadi tablo, halafu unagawanyika kwenda kila prizi. Ni waya wenye rangi mbili, kijani na manjano.

Sisi wa Goma tuna shida ambayo vitabu vya fundi havikuiandika sana. Mji wetu umekaa juu ya jiwe la volkano. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wamejenga tena juu yake. Mei 2021 ikashuka tena na kusimama karibu na mji. Jiwe hilo haliachi umeme upite vizuri kama udongo wenye unyevu, na piketi ya mita moja na nusu haiingii kwa nyundo. Basi fundi anafanya nini? Anaikata piketi, anaacha sentimita 40, anaifukia kwa kokoto, anafunga waya, anapaka sima. Kwa macho, latere ipo. Kwa kipimo, ni mapambo.

Mwingine anasema ukweli lakini anakata tamaa: "Mama, hapa ni jiwe, latere haiwezekani." Tungependa kila mama amjibu kwa heshima: "Papa fundi, piketi haiwezekani. Lakini je, mtaro?" Kwa sababu njia nyingine zipo. Waya wa shaba usio na ganda, wa milimita mraba 25, unaweza kulazwa ndani ya mtaro, kama mita moja kwenda chini pale inapowezekana, ukifunikwa kwa udongo halisi ulioletwa na kushindiliwa. Mchanga na kokoto havifai kazi hiyo. Kadiri waya ulivyo mrefu ndivyo latere inavyokuwa nzuri zaidi. Unaweza pia kutumia piketi kadhaa zilizoachana, zikiunganishwa, pale penye nyufa na udongo.

Na kwa yule anayejenga sasa: msingi ukiwa bado wazi, laza waya huo wa shaba kuzunguka nyumba yote chini ya msingi. Kuchimba kumekwisha kulipwa, kinachobaki ni bei ya waya. Baada ya sima kumwagwa, kazi ileile itakugharimu mara nyingi zaidi. Hilo tunalisema kila mara mwanachama anapotuambia amenunua parseli, na tutaendelea kulisema.

Kuna wanaomwaga chumvi na makaa kwenye shimo. Mwanzoni kipimo kinapendeza. Lakini chumvi inakula chuma, na mvua zetu zinaiosha na kuishusha. Baada ya misimu michache umebaki na chuma kilichooza. Sisi hatuipendi njia hiyo.

Dada zetu wa Bukavu wana habari nyingine. Udongo wao mwekundu wa mfinyanzi unapokea piketi vizuri. Lakini milima ile inateremka. Mmomonyoko unaiacha piketi nje kama mzizi wa mti, au waya unakatika pale ukingo ulipoporomoka, na hakuna anayeona kwa sababu balbu zinaendelea kuwaka. Umeme wa nyumba hauhitaji latere ili uwake. Ndiyo ubaya wa jambo hili: ikikatika, hakuna taa inayozimika kukuambia.

Kitu gani mama anaweza kuangalia

Hatusemi mama afungue kitu chochote. Kufungua ni kazi ya fundi, dijonkteri kubwa ikiwa imeshushwa. Na tuongeze: imeshushwa kwa mkono. Tumeona watu wanaofanya kazi kwa sababu tu "kuna deletaji", na umeme unarudi waya zikiwa mkononi.

Lakini macho ni yako. Angalia prizi zako. Ile yenye kipini cha chuma kinachotokeza mbele imetengenezwa kwa ajili ya latere, ile yenye matundu mawili tu haina. Kipini kuwapo hakumaanishi waya upo nyuma yake. Mara nyingi prizi zilibadilishwa kwa uzuri, na nyuma kuna nyaya mbili tu. Zunguka nje ya nyumba, utafute waya wa latere unashuka wapi. Kama hakuna anayejua, hata aliyejenga, hilo ni jibu tosha. Kama kuna kishimo chenye kifuniko, angalia kama kibano kimeshika au kimeliwa na kutu.

Nyumba za zamani zina mtego wake. Nyingi zilifunga latere kwenye bomba la maji la chuma linaloingia parseli. Bomba lile lilikuwa refu, limezikwa, na lilifanya kazi. Lakini mabomba yalitoboka, na kipande kikawekwa cha plastiki. Siku hiyo latere ilikufa. Mbaya zaidi, kama plastiki ipo mbele kidogo, baada ya parseli ya jirani, basi hitilafu ya frigo yako inaweza kutokea kwenye robine ya jirani. Bomba la maji lisitumike tena kuwa latere, hata kama fundi mzee anaapa kwamba ndivyo walivyofanya wakati wake.

Kisha kuna kipimo chenyewe. Fundi anayeijua kazi ana kifaa kiitwacho telurometa, ambacho kinachoma vijiti viwili vya msaada ardhini na kusoma ohmu. Bisibisi yenye taa ndogo haipimi latere, inaonyesha tu fazi iko wapi. Wengine wanaunga balbu kati ya fazi na latere, ikiwaka wanasema "iko muzuri". Balbu itawaka karibu sawasawa hata latere ikiwa dhaifu, na zaidi ya hapo, kama latere ni mbovu, fundi huyo amepeleka umeme kwenye bati la kila kifaa cha nyumba huku watoto wakizunguka. Mama anayo haki ya kusema, "Usifanye hivyo hapa kwangu."

Namba gani tuitafute? Kwa nyumba, mafundi waliosoma kwa kawaida ya Kifaransa hulenga isizidi ohmu 100. Kwa diferansieli ya milampea 30 hesabu inaruhusu kubwa zaidi, hata zaidi ya 1000, na hii ndiyo faraja ya watu wa jiwe: hata latere isiyo nzuri sana inaweza kuiamsha diferansieli hiyo. Lakini tusianze na kikomo. Na mpime wakati wa kiangazi, Julai au Agosti, udongo ukiwa mkavu. Kipimo cha Aprili, mvua ikinyesha kila siku, kinasifu kuliko ukweli.

Vyuma vya nyumba viwe ndugu

Latere ikipatikana, bado kuna jambo la pili ambalo tablo mpya hailifanyi yenyewe: kuunganisha vyuma vya nyumba. Ndege anakaa juu ya waya wa umeme na hafi, kwa sababu miguu yake yote miwili iko kwenye waya ule ule. Kinachopiga ni tofauti kati ya mahali pawili. Mtoto akishika robine kwa mkono mmoja na mashine ya kufulia kwa mkono mwingine, na kimoja kina umeme, kingine hakina, tofauti yote inapita kifuani. Vyuma vikiunganishwa pamoja kwa waya wa kijani na manjano, usiopungua milimita mraba 6, na kupelekwa kwenye barete moja ya latere, tofauti hiyo inatoweka. Tunamaanisha bomba la chuma la maji linaloingia, tangi la chuma, vyuma vya mwili wa nyumba. Robine ya chuma iliyo mwisho wa bomba la plastiki haihitaji, haina mahali pa kuleta umeme. Pa kuangalia zaidi ni bafuni, kwa sababu mwili wenye maji hauna ulinzi.

Na mabati. Waya unaopita chini ya bati unasuguliwa na upepo hadi ganda linaisha, na paa lote linakuwa na umeme. Sasa fikirieni kamba yetu ya kuanikia nguo: mara ngapi ni waya wa chuma, upande mmoja umefungwa kwenye bomba la kushusha maji ya paa au kwenye msumari wa bati? Mama anakuja na nguo mbichi, miguu kwenye matope. Hii dawa yake haingoji fundi wala likelemba. Ondoeni waya wa chuma leo, mfunge kamba ya nailoni, mbali na paa na mbali na waya unaoingia nyumbani.

Kwa nini kabla, si baada

Wengine watasema: niweke tablo kwanza, latere itafuata zamu nyingine. Tunajua jinsi makuta yalivyo. Lakini tumeona kinachotokea. Tablo mpya inawekwa kwenye nyaya za miaka arobaini, ambazo ganda lake linavunjika ukiligusa. Diferansieli inaruka. Fundi anairudisha, inaruka tena. Mama analalamika kwamba kifaa ni kibovu. Fundi, ambaye tayari amelipwa, anapitisha waya kando yake ili itulie. Imetulia kweli. Haifanyi kazi tena. Ndiyo maana nyaya nazo zipimwe kabla, kwa megometa, na zisisome chini ya megaohmu 1.

Ujanja wa pili ni mbaya kuliko huo, na tunaomba kila kikundi kiujue. Kwa kuwa hakuna latere, fundi anaunga kipini cha prizi kwenye waya wa nutri, ndani ya prizi ile ile. Kwa macho, latere imepatikana bila kuchimba. Lakini siku nutri ikikatika, na nguzo zetu na viungo vyetu tunavijua, bati la kila kifaa kilichochomekwa linapata volti 220. Na kama mtu kule kwenye kompteri atageuza fazi na nutri, hata kukatika hakuhitajiki. Muulizeni fundi waziwazi: "Latere yangu umeifunga wapi?" Akijibu "kwenye nutri", msimlipe.

Jambo lingine dogo. Diferansieli ina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyezeni kila mwezi, iruke, muirudishe. Lakini kujaribu huko kunaonyesha kifaa chenyewe kiko hai tu. Kinaruka hata nyumba ikiwa haina latere kabisa. Fundi asiwaonyeshe kitufe hicho kama ushahidi.

Kuhusu bei, hatutaji namba, zinabadilika kila soko. Lakini mna nguvu mkiwa wengi. Fundi mwenye telurometa akiitwa kwa nyumba moja anaona safari haimlipi, akiitwa kwa nyumba nane za avenyu moja siku moja, mazungumzo ni tofauti. Kikundi cha AVEC kinaweza kulipa kipimo hicho kutoka sanduku la mshikamano, kila mama akajua namba ya nyumba yake kabla ya kuamua zamu yake itumike vipi. Mpatane malipo kwa sehemu mbili, ya pili baada ya kipimo kusomwa mbele yenu na kuandikwa kwenye karatasi, tarehe na ohmu, ikabandikwa ndani ya mlango wa tablo.

Wapangaji wanatuuliza nani alipe. Latere ni ya nyumba, na nyumba ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo anzeni naye, na ile karatasi ya kipimo mkononi husaidia kuliko maneno. Akisema hana, wengine wamepatana naye kukata gharama kidogo kidogo kwenye kodi. Akikataa kabisa, ombeni ruhusa yake, kwa maandishi, fundi awawekee diferansieli moja ya milampea 30 mwanzo wa waya wa chumba chenu. Utaondoka nayo siku ya kuhama.